Picha ilisomwa vibaya, mfupa haukuunga: nani alipe?

SWALI: Ndugu Mwanasheria, mimi ni fundi seremala hapa Kihonda, Morogoro. Miezi 17 iliyopita nilianguka na bodaboda nikiwa abiria, nikajikinga kwa mkono wa kulia. Siku hiyohiyo nilikwenda hospitali, nikapigwa eksirei, na daktari akaniambia kwamba hakuna mfupa uliovunjika, ni mkono umeshtuka tu. Nilipewa dawa za maumivu na bandeji ya kuvuta, nikarudi nyumbani. Maumivu hayakuisha. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinichua kwa mafuta kwa miezi kama miwili. Mwezi wa saba tangu ajali nilikwenda hospitali ya rufaa, nikaambiwa kwamba kuna mfupa mdogo wa kiganja uliovunjika siku ileile na haujaunga, hivyo nahitaji upasuaji wa kuwekewa skrubu na kipande cha mfupa kutoka nyonga. Sasa siwezi kusukuma randa hata dakika tano. Je, naweza kuidai fidia hospitali ile ya kwanza? Watu wananiambia kesi ya kumshtaki daktari haishindiki. – Fundi, Kihonda.

JIBU: Ndugu Fundi, pole sana kwa maumivu na kwa kazi iliyosimama. Kesi za namna hii hushindika, ila nyingi hushindwa kwa sababu mdai anadai kitu kisicho chake kudai. Mfupa wako haukuvunjwa na daktari. Ulivunjwa na ajali, na madai yanayotokana na ajali yenyewe yanamhusu aliyeisababisha pamoja na bima ya chombo chake. Unachoweza kuidai hospitali ni ile tofauti iliyopo kati ya mkono ulio nao leo na mkono ambao ungekuwa nao kama mvunjiko ungegunduliwa kwa wakati. Nakuomba uishike tofauti hiyo akilini kuanzia sasa hadi siku utakaposimama mbele ya hakimu, kwa maana mawakili wa upande wa pili hawataisahau.

Kwa maelezo yako, mfupa unaozungumziwa unaelekea kuwa ule ambao madaktari huuita skafoidi. Nyoosha kidole gumba cha mkono wako mzima ukiinue juu kwa nguvu, kisha tazama kwenye shina lake, karibu na kifundo: utaona kishimo kidogo kati ya kano mbili. Mfupa huo uko chini ya kishimo hicho, na mtu aliyeangukia kiganja kilichokunjuliwa akibonyezwa hapo na kuruka kwa maumivu, daktari anapaswa kuushuku hata kama picha haionyeshi kitu. Ugumu wake ni wa namna mbili. Kwanza, ufa wake mara nyingi hauonekani katika eksirei ya siku ya kwanza, na ndiyo maana utaratibu unaokubalika ni kuufunga mkono kwa tahadhari na kumwita mgonjwa arudi baada ya siku 10 hadi 14 apigwe picha nyingine, au kumpeleka kwenye kipimo cha CT au MRI pale kilipo. Pili, damu inayoulisha huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo ukikatika katikati, kipande kilicho karibu na kifundo kinaweza kukosa damu na kufa. Mvunjiko ambao haujahama, ukifungwa plasta gumu mapema (hogo, kama wengi tunavyoliita), kwa kawaida huunga ndani ya miezi miwili mitatu bila kisu. Ukicheleweshwa zaidi ya wiki nne, hatari ya kutounga huongezeka sana.

Nimeyaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu kesi yako itasimama au kuanguka hapo. Kukosea peke yake si uzembe. Kipimo kinachotumika, ambacho chimbuko lake ni hukumu ya Uingereza ya mwaka 1957 na ambacho nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza zimekuwa zikikifuata, kinauliza iwapo daktari alitenda kama ambavyo daktari mwenye ujuzi wa kawaida katika fani na ngazi yake angetenda. Daktari aliyekibonyeza kishimo kile, akaomba picha za pembe zinazouonyesha mfupa huo, akaukuta hauna ufa unaoonekana, akakufunga na kukuandikia tarehe ya kurudi, huyo si mzembe hata kama mfupa ulikuwa umevunjika. Lakini daktari ambaye hakuugusa mkono, akatazama picha moja kwenye mwanga wa dirisha na kukuruhusu bila neno la kurudi, ana mengi ya kujibu. Na kama ufa unaonekana waziwazi katika picha ileile ya siku ya kwanza, ana mengi zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalokurudishia ni hili: ile picha iko wapi? Hapa kwetu hospitali nyingi humkabidhi mgonjwa filamu yake aende nayo nyumbani, nayo huishia juu ya kabati au, vibaya zaidi, chini ya godoro ambako hujikunja na kuchubuka. Itafute leo. Itazame pembeni uone kama ina jina lako, tarehe, na alama ya herufi inayoonyesha kwamba huo ni mkono wa kulia, kisha iweke ikiwa imelala ndani ya bahasha kavu. Usiiandike chochote. Kama hospitali hutunza picha kwenye kompyuta, waandikie barua rasmi ukiomba nakala ya picha, ripoti yake na faili lako lote, na ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Taarifa hizo zinakuhusu wewe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuzifikia. Mtu wa masjala akikwambia kwamba faili ni mali ya hospitali, hatakuwa amekosea kuhusu karatasi, lakini atakuwa amekosea kuhusu kilichoandikwa ndani yake.

Picha ikipatikana, ipeleke pamoja na ile ya hospitali ya rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa ambaye hafanyi kazi katika hospitali yoyote kati ya hizo mbili. Ikibidi, safiri hadi MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) Dar es Salaam au hospitali ya KCMC Moshi, kwa kuwa katika mji mmoja madaktari hufahamiana na ni vigumu mtu kutoa ushahidi dhidi ya aliyesoma naye. Mwombe ajibu kwa maandishi maswali matatu: je, mvunjiko ulionekana au ulipaswa kushukiwa siku ya kwanza, je, kama ungetibiwa siku hiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba ungeunga bila upasuaji, na je, baada ya upasuaji mkono utarudi kwa kiasi gani. Swali la pili ndilo linalobeba mzigo. Anayedai ndiye anayethibitisha, na katika kesi ya madai kipimo ni uwezekano ulio mkubwa kuliko ule wa kinyume chake. Bila daktari atakayesimama na kusema hivyo, wakili mwerevu kuliko wote hatakufikisha mbali.

Sasa jambo ambalo hutapenda kulisikia. Ile miezi miwili ya kuchuliwa itaulizwa, na kadhalika ile miezi saba ya kungoja. Hospitali itasema kwamba mfupa ungeunga laiti usingechuliwa, au kwamba mtu mwenye maumivu makali angerudi mapema. Usilifiche hilo kwa wakili wako. Jibu lake lipo, nalo lina nguvu: ulikwenda kwa mzee kwa sababu ulikwishaambiwa na daktari kwamba hakuna mfupa uliovunjika, na mtu aliyeambiwa kwamba mfupa ni mzima hana sababu ya kuogopa kuchuliwa. Hata hivyo, jibu hilo ni lako kama hukuambiwa urudi. Kama kadi yako ina tarehe ya kurudi ambayo hukuitimiza, sehemu ya fidia inaweza kukatwa, au madai yote yakadhoofika. Kwa sababu hiyohiyo usiuahirishe upasuaji ili eti mkono uonekane mbaya zaidi mahakamani. Sheria inamtaka mdai apunguze hasara yake kadiri awezavyo, na kipande cha mfupa kinachokosa damu hakingoji tarehe ya kutajwa kesi.

Kuhusu fedha, gawa madai yako mara mbili. Fidia mahususi ni ile inayohesabika: gharama za upasuaji, nauli, dawa, na kipato ulichopoteza. Hii lazima itajwe kwa tarakimu na ithibitishwe kwa ukamilifu, nayo mahakama haina huruma hapo; risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ina thamani kuliko kiapo. Najua seremala wa mtaani hana hati ya mshahara. Lakini una daftari la oda, una ujumbe wa malipo ya simu kutoka kwa wateja, na huenda una mteja aliyekunyang'anya kazi na kumpa fundi mwingine. Huyo anaweza kuwa shahidi. Toa humo kipato ambacho ungekikosa hata kama ungetibiwa vizuri, kwa sababu mkono ungekaa ndani ya hogo miezi miwili au mitatu kwa vyovyote. Mdai anayejikata mwenyewe namna hiyo huaminika katika yaliyobaki. Fidia ya jumla, yaani ya maumivu na kupungukiwa uwezo wa mkono, hukadiriwa na mahakama kwa busara yake, na sitakutajia kiwango.

Hukusema hospitali ni ya nani, na jambo hilo lina uzito. Mwajiri hubeba uzembe wa mwajiriwa wake aliyekuwa kazini, kwa hiyo anayeshtakiwa kwa kawaida ni mmiliki wa hospitali. Kama ni ya mtu binafsi au shirika la dini, wakili wako ataanza na barua ya madai, kisha kesi itafunguliwa katika mahakama yenye mamlaka kulingana na kiasi cha fidia mahususi. Kama ni ya serikali, ikiwamo ya halmashauri, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inakutaka utoe kwanza notisi ya siku zisizopungua 90 na nakala yake umpelekee Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Chunguza vizuri kama ni hospitali teule, yaani jengo la kanisa lenye watumishi wanaolipwa na serikali, kwa sababu nimeona kesi zikifutwa baada ya miaka miwili kwa kumshtaki asiye mwajiri.

Muda wa kufungua shauri la namna hii chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ni miaka mitatu. Usihesabu tangu siku ulipoambiwa ukweli katika hospitali ya rufaa. Hesabu tangu siku ile ya kwanza, na zile siku 90 za notisi zihesabu kana kwamba zimo ndani. Kwa hesabu hiyo umebakiwa na miezi 19, na kwa hospitali ya serikali chukulia ni 16. Waziri anayehusika na sheria anaweza kuongeza muda kwa kiasi kisichozidi nusu ya ule wa kawaida, lakini huo ni mlango wa dharura.

Unaweza pia kulalamika kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo lina uwezo wa kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta katika daftari. Halitakulipa hata senti, na malalamiko hayo hayasimamishi saa ya ukomo. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017 wapo Morogoro. Ulizia kwa ofisa ustawi wa jamii. Na kama hospitali itakuita na kukuahidi upasuaji wa bure, unaweza kuukubali, lakini karatasi yoyote yenye maneno "sitakuwa na madai mengine" usiitie sahihi kabla matokeo ya upasuaji hayajajulikana.

SWALI: Shikamoo mwanasheria. Mwanangu alianguka kutoka kwenye mwembe akiwa na miaka mitano, kiwiko kikavimba, hospitali wakasema ni mzima. Sasa ana miaka tisa na mkono umepinda kwa nje. Nasikia miaka mitatu imeshapita, je, tumechelewa? – Mama Zuhura, Tanga.

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura. Mtoto hajachelewa. Kwa mtu aliye chini ya miaka 18, muda wa ukomo haukimbii dhidi yake hadi atakapofikisha umri huo, na kabla ya hapo anaweza kushtaki kupitia mtu mzima anayeitwa kisheria rafiki wa karibu, ambaye anaweza kuwa wewe. Gharama ulizolipa kutoka mfukoni mwako ni habari nyingine, na hizo huenda zimekwisha muda, wakili azitenganishe.

Hata hivyo, usikae hadi afike miaka 18, kwa sababu mafaili hutupwa na wahudumu huhama. Kiwiko cha mtoto ni kigumu kusoma, kwa kuwa sehemu kubwa yake bado ni gegedu isiyoonekana katika eksirei, na hospitali itajitetea hivyo. Muulize bingwa kama ilipasa kiwiko cha pili kipigwe picha kwa kulinganisha. Mwambie pia amkague mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, kwa maana mkono uliopinda hivyo unaweza kuuvuta polepole, na ganzi katika kidole kidogo na jirani yake ikaja baada ya miaka mingi. Ripoti yake ilitaje jambo hilo kabla hamjakubaliana na mtu yeyote juu ya kiasi cha fedha.