Maswali na Majibu: Rocky wa Pili Haangaliwi Peke Yake

Barua nyingi safari hii ni za Rocky II, ile filamu ya ngumi ya mwaka 1979.

Apollo Creed alikuwa anaongoza kwa pointi, na wasaidizi wake wa kona wakamwambia akae mbali na Rocky. Kwa nini alimfuata? Naona mwandishi alikosea. (Msomaji, Jinja)

Hukuangalia ya kwanza, ndugu yangu. Katika filamu ya 1976 Apollo alibaki na mkanda kwa majaji kugawanyika, baada ya Rocky, bondia wa mtaani wa Philadelphia, kusimama naye raundi zote 15. Sehemu ya pili inamwonyesha akisoma barua za watu wanaomwita tapeli. Bingwa wa namna hiyo pointi hazimtibu. Anataka kumlaza Rocky chini mbele ya macho ya dunia. Ndiyo maana raundi ya mwisho wanaanguka wote wawili, na anayeinuka kabla ya hesabu kwisha anachukua mkanda. Kosa la mwandishi liko wapi hapo?

Wenye vibanda vya video, hili ni lenu pia. Mnapeleka mbele kila kitu mpaka kengele ya pambano. Rocky kushindwa kusoma maneno ya tangazo la biashara, pesa kumwishia, mkewe Adrian kulazwa hospitali bila fahamu: hivyo ndivyo vinavyozipa ngumi uzito. Na vijei, yule anayetafsiri filamu kwa Kiganda, hata awe hodari namna gani, Adrian anapozinduka anyamaze kidogo.

Rocky aliishi kweli? (Wengi)

Hapana. Nimechoka kulijibu hili. Sylvester Stallone alipata wazo baada ya kumwona bondia Chuck Wepner akimfikisha Muhammad Ali raundi ya 15 mwaka 1975.

Naweza kuanza na Creed III? (Msomaji, Busia)

Usianze nayo, hiyo ni ya mtoto wa Apollo. Anza na ya 1976.

Mwanangu ana miaka 12. Tangu aone filamu hizi anataka kujiunga na klabu ya ngumi. Nimruhusu? (Mama, Naguru)

Mruhusu, mama, lakini uende naye ukamwone kocha. Kocha anayewapiganisha watoto bila kofia za kichwa, au siku ya kwanza tu, mkimbie. Rocky anapigana mikono iko chini na anapokea makonde usoni kama mvua. Kijana akiiga hivyo ulingoni ataumia kichwa. Afundishwe kujikinga kabla ya kurusha ngumi.

Kuna jambo hukuuliza. Katika sehemu ya pili Rocky anaambiwa jicho lake haliwezi tena ngumi, naye anarudi ulingoni. Hapo filamu inadanganya vibaya. Bondia Sugar Ray Leonard alipasuliwa jicho mwaka 1982 kwa sababu retina, utando wa nyuma ya jicho, ilibanduka, akatangaza kustaafu mwaka huohuo. Aliporudi baadaye ilikuwa baada ya kutibiwa. Mwanao akikwambia anaona vimulimuli au kivuli pembeni ya jicho, siku hiyohiyo hospitali. Kichwa kikimuuma baada ya mazoezi, asirudi ulingoni mpaka daktari aseme.

Kwa nini Uganda hatuna hadithi kama hiyo? (Msomaji, Arua)

Tunazo, ila tunawatupa mabondia wetu siku wanaposhindwa. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa WBA, moja ya vyama vya ngumi duniani, hajawahi kushindwa, mpaka Leonard huyohuyo alipomsimamisha Houston mwaka 1981. John Mugabi alikwenda Las Vegas mwaka 1986 akiwa ameshinda mapambano 25, yote kwa nokauti, akatoana jasho na bingwa Marvin Hagler hadi raundi ya 11 ndipo akaanguka. Vijana wengi wakisikia jina lake hukumbuka anguko hilo tu. Mwaka 1989 alichukua mkanda wa dunia wa WBC, chama kingine cha ngumi. Hiyo ndiyo sehemu ya pili yake, na bado naisubiri ichezwe na Waganda, ikianzia na usiku ule wa Hagler.