Fibroma ya ala ya kano si saratani

Dada wa Masasi, umeuliza kama "fibroma ya ala ya kano" kwenye majibu ya kidole cha mama ni saratani. Hapana. Ni uvimbe usio saratani unaoota kwenye ala ya kano, yaani ganda linalofunika kano, uzi mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Hukua polepole, hasa vidoleni na kiganjani, kwa kawaida chini ya sentimita 3, na hausambai mwilini. Ukipasuliwa ni mweupe na mgumu. Kwenye hadubini huonekana kolajeni nzito (nyuzi ngumu za protini), seli chache nyembamba zilizochongoka ncha mbili, na vimishipa vilivyobanwa pembezoni. Zingekuwepo seli kubwa zenye viini vingi na madoa ya kahawia ya chuma, tungezungumzia uvimbe mwingine wa hapohapo.

Unaweza kurudi palepale, maana umeshikamana na kano, na daktari huogopa kukata kano hiyo au mshipa wa fahamu. Ukirudi, nyama yote itakayotolewa itumwe maabara ya Mtwara au Dar ikapimwe. Kipande kidogo hupotosha. Iwekwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, iliyo mara 10 ya ujazo wa nyama, chupa ya mdomo mpana. Maji ya chumvi hayafai kabisa: seli huoza njiani, hasa kwa joto letu.