Leaf ya kilowati-saa 24: Mtwara hadi Lindi bila kuchaji?

Mkuu, umesema Nissan Leaf ya 2011 (gari la umeme; kilowati-saa 24 ndiyo ukubwa wa betri yake) uliyoonyeshwa "inatembea kilomita 200", ukauliza kama itakufikisha Lindi kutoka Mtwara bila kuchaji. Hizo 200 ni za kipimo cha maabara cha Japani. Gari hilohilo Marekani lilipimwa likapewa maili 73, kama kilomita 117 tu, tena betri ikiwa mpya!

Kabla hujatoa hela, washa gari utazame pembeni ya geji ya chaji. Kuna vijistari vidogo 12 vya uzima wa betri. Kikikosekana kimoja, jua karibu asilimia 15 imeshakwenda. Leaf haipozi betri yake kwa maji, kwa hiyo joto letu la pwani inalibeba lote. Usiiache juani ikiwa imejaa chaji.

Njiani, mlaji mkubwa ni mwendo. Ukitoka 80 ukapandisha 110, ukinzani wa hewa unakaribia kuwa mara mbili. Kiyoyozi watu wanakisingizia bure. Kinauma zaidi kwenye foleni, na Mtwara foleni iko wapi? Matairi yenye upepo pungufu nayo yanakula. Ukipanda Newala chaji itayeyuka ukiiona, ila ukishuka mota inarudisha kiasi, si chote.

Lindi ni kilomita 100 na ushee. Kwa betri yenye vijistari 9 nisingethubutu, labda uwe na ndugu pale Mingoyo, kabla ya kufika Lindi, mwenye soketi na moyo wa kukulaza.