Nondo wa mzingani, mwenye pua na asiye na pua

SWALI: Nimeshusha mizinga miwili ya magome huku Sikonge, nyuki wamehama. Ndani nimekuta nondo wakubwa wa kijivu wenye pua, wakubwa wengine wasio na pua, na wadogo wanaong'aa. Nasoma kwamba nondo wa nta wamo katika familia ya nondo wenye pua, Pyralidae. Hawa wasio na pua niwaweke jenasi gani?
Mfuga nyuki, Tabora

JIBU: Hapo una jenasi mbili, si tatu. Hiyo "pua" ni papasi mbili za mdomo (viungo vya kupapasia), zilizovaa magamba na kuchomoza mbele. Kwa nondo wa nta anayezichomoza ni jike. Za dume ni fupi, zimekunjwa juu na kubanwa usoni, basi kichwa chake huonekana kama kimekatwa. Wakubwa wako, wenye pua na wasio nayo, ni jike na dume wa Galleria mellonella, nondo mkubwa wa nta. Wadogo ni Achroia grisella, nondo mdogo wa nta.

Rula itakusaidia, lakini isikutawale. Mabawa yakitandazwa, Galleria hufika milimita 30 hadi 40, Achroia 16 hadi 24. Ila kiwavi wa Galleria aliyekulia sega jipya, lisilo na mabaki ya majana (watoto wa nyuki) wala chavua, hutoka nondo mdogo wa kimo, nawe utamwita Achroia. Tazama ncha ya bawa la mbele: la dume wa Galleria limebonyea kama limeumwa, na rangi yake ni kijivu chenye mabaka ya kahawia. Achroia ana rangi moja ya majivu ya fedha, bila baka, na kichwa cha manjano. Manjano hayo ni magamba tu. Ukimshika kwa vidole yanabaki mkononi.

Gome lenyewe pia linasema. Viwavi wa Galleria hutafuna vishimo kwenye mti kabla ya kufuma vifukofuko vyao, tena huvibananisha pamoja.

Vielelezo usivitie kwenye spiriti, mabawa hugandamana na magamba kubanduka. Waue kwa kuwagandisha usiku kucha, kisha kila mmoja kwenye bahasha yake ya karatasi, na tarehe na mahali kwa penseli. Mfuko wa plastiki huleta ukungu. Wasiosomeka kwa mabawa, tumbo ndilo litakaloamua: hukatwa, likalowekwa usiku mmoja katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, viungo vya uzazi vikaangaliwa kwa darubini. Likizidi muda, vinalainika na umbo linapotea.