Andika kabla hujafunga makala

Nilipoanza shahada ya uzamili nilikuwa napakua makala kama vile kesho intaneti itazimwa. Zote zilirundikana kwenye folda moja, nyingi zikiwa na majina yaleyale zilizokuja nayo: "main.pdf", "main (1).pdf", "main (2).pdf". Siku moja msimamizi wangu akazungushia kalamu namba fulani katika rasimu yangu, akauliza, "Hii umeitoa wapi?" Nilitafuta siku mbili. Nilipoipata, nikagundua kwamba mwandishi niliyemtaja hakuipima yeye. Aliinukuu kwa mwenzake, na huyo mwenzake alikuwa amepima jambo jingine kabisa. Aya nzima ikafutwa.

Tangu hapo nina sharti moja, nami nakuomba ulishike mapema wewe unayeanza: usifunge makala uliyoisoma kabla hujaandika juu yake kwa maneno yako mwenyewe. Kunakili ikisiri, yaani muhtasari ulio mwanzoni mwa makala, hakuhesabiki. Kupaka mistari rangi ya njano pia hakutoshi, maana miezi sita baadaye utaiona rangi na hutakumbuka ilikuvutia kwa nini. Mistari minne inatosha. Dondoo langu huwa hivi: "Wamelinganisha makundi mawili. Tofauti wanayodai iko Jedwali la 3, uk. 9. Hawakuyapima makundi kabla ya kuanza, kwa hiyo sijui kama yalikuwa sawa tangu mwanzo. Inafaa sura ya pili, hoja ya kwanza." Namba ya ukurasa usiiache kamwe. Na ukikuta namba iliyonukuliwa kutoka kwingine, fuata chanzo chake hadi mwisho, ndipo uitumie.

Kwa kuhifadhi, mimi natumia Zotero, programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006. Unabonyeza kitufe kwenye kivinjari, inachukua jina la mwandishi, mwaka, jarida na DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni), na dondoo lako unalibandika palepale kwenye makala. Hakiki ilichochukua, kwa sababu mara nyingine majina huja yamegeuzwa. Folda ndani ya folda nilijaribu nikaacha, kwa kuwa makala moja huweza kuhusu mada tatu. Lebo zinafaa zaidi.

Kuna jambo jingine linalonifanya niipende. Tangu 2019 hukuonya iwapo makala uliyohifadhi imebatilishwa, ikitumia Retraction Watch, kanzidata ya makala zilizobatilishwa. Usilione dogo. Makala ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ilibatilishwa rasmi mwaka 2010. Kwa miaka 12 mtu angeweza kuinukuu bila kukuta alama kwamba makala nzima imebatilishwa, na hata sasa nakala iliyopakuliwa zamani haitajibadilisha yenyewe kwenye kompyuta yako.

Kuhusu makala mpya, kubali mapema kwamba huwezi kuzisoma zote. arXiv peke yake, hazina ya makala mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 1991, hupokea makala zaidi ya 20,000 kwa mwezi, na nyingi huwekwa kabla hazijapitiwa na wataalamu wa jarida lolote. Weka arifa mbili tatu tu kwenye Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, kwa maneno finyu ya mada yako. Kisha chagua makala tatu ambazo utafiti wako umeziegemea, uwe unaangalia nani wapya wamezinukuu. Njia hii imenipa makala nzuri kuliko arifa zote. Mimi hufanya hivyo Ijumaa asubuhi, saa moja tu: nasoma kichwa, ikisiri na michoro, kisha nachagua mbili za kusoma kwa kina. Zilizobaki naziacha ziende.

Kama tayari una lundo la makala zisizo na dondoo, usijaribu kulisafisha lote. Anza na utakayoisoma leo. Zile za zamani ziandikie moja moja, siku utakapozihitaji.