Paipu ya breki haiungwi, hubadilishwa

Ndugu mmoja wa Mbeya ameniandikia. Land Cruiser yake mkonga inavuja mafuta ya breki karibu na ekseli ya nyuma, na fundi amemshauri wakate kipande kilichooza, waunge kwa paipu ya kopa ya friji. Anauliza kama itafaa. Haitafaa, kaka.

Mimi naendesha Land Cruiser aina ya HZJ75, injini 1HZ. Nililinunua likiwa tayari limeungwa hivyo hivyo, na gereji iliyofanya kazi ile ilifunika kiungo kwa utepe mweusi. Nikiteremka mlima Kitonga, semi trela nyuma yangu, pedeli ya breki ikazama. Masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, ina njia mbili, ya mbele na ya nyuma, ndiyo maana nilibaki na breki za mbele. Hizo na gia ya pili zikanifikisha chini. Nilipokwenda kuuliza kwenye gereji ile nikajibiwa kuwa gari kuukuu ndivyo lilivyo. Jibu lile linaniuma hadi leo.

Nikang'oa paipu zote. Kopa tupu hukakamaa kwa mtikisiko, kisha hupasuka. Nilitafuta ya kopa iliyochanganywa na nikeli, milimita 4.75: haioti kutu kama chuma, na hukunjika kwa mkono. Nati ni M10 uzi wa 1.0. Ivishe nati kwenye paipu kwanza, ndipo utanue ncha ya paipu mara mbili kwa mashine yake.

Kilichobadilisha gari ni njia mpya. Paipu ya ekseli ilikuwa imelala upande wa mbele, inapokea kila jiwe na kila kisiki. Nikaihamishia nyuma ya ekseli, juu. Ya kwenye chasisi nikaipandisha ndani ya reli, mbali na egzosi, nikaibana kila baada ya shibiri moja hivi ili isicheze. Kisha nikainua chasisi kwa jeki mpaka ekseli ikaning'inia, maana springi zangu zimepandishwa. Mpira wa breki, ule unaounganisha paipu ya chasisi na ya ekseli, ulikuwa umekazika kama kamba ya kuanikia nguo! Nikaweka mrefu zaidi. Na ile vali ya mzigo ya nyuma, inayopima mzigo na kurekebisha nguvu ya breki za nyuma, usiisahau: gari likipandishwa, yenyewe hudhani halina mzigo na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Irekebishe.

Jamani, tunanunua tairi za matope, winchi na taa za juu, halafu tunabania paipu ambayo roho za watoto wetu zinaitegemea. Tuache. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe: ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji yaweza kushuka hadi 155, na mteremko mrefu huyafikisha huko.

Kaka wa Mbeya, toa upepo ulioingia kwenye paipu za breki, ukianzia gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda. Kisha washa injini, kanyaga pedeli kwa nguvu uishikilie, mwenzako awe chini na tochi apapase kila nati kwa kitambaa kikavu. Kikilowa popote, gari lisitoke getini.