Mbio za Hisani na Fedha Zinazoishia Njiani

Katika toleo hili tumechagua barua nne kutoka Mwanza na mwambao wake, zote zikihusu matumizi ya michezo katika kuwachangia wanyonge. Tumezifupisha, lakini hoja za waandishi hatukuzigusa.

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, mimi ni katibu wa klabu ya joging ya vijana hapa Igogo. Mwaka jana tuliandaa bonanza ili tuwasaidie wazee wanaoishi peke yao na watoto wenye ulemavu katika mtaa wetu. Watu walijaa, mgeni rasmi alifika, muziki ulipigwa hadi jioni, lakini tulipomaliza kulipa madeni, kilichobaki hakikutosha hata kilo tano za mchele kwa kila mzee. Wajumbe wengi wanataka mwaka huu tupandishe kiingilio. Nina wasiwasi na wazo hilo. Tufanyeje? (Katibu, Igogo)

JIBU: Ndugu Katibu, wasiwasi wako una msingi, nami nakushauri usiafiki kupandisha kiingilio kabla ya kukaa na mweka hazina wenu na kupitia hesabu za bonanza lile mstari kwa mstari. Tuchukue mfano wa kubuni. Washiriki 200 wanalipa shilingi 15,000 kila mmoja, na makusanyo yanakuwa shilingi 3,000,000. Fulana yenye nembo ikigharimu shilingi 9,000, imekwisha kula 1,800,000. Medali ya shilingi 3,000 imekula 600,000 nyingine. Zimebaki 600,000, na hapo hamjalipia maji, spika, turubai, viti, waamuzi, gari la wagonjwa, wala chakula cha mgeni rasmi na msafara wake, ambao katika nchi yetu hauna desturi ya kuwa mdogo. Mkipandisha kiingilio hadi 20,000, baadhi ya vijana watabaki nyumbani, na watakaokuja watadai fulana bora kuliko ya mwaka jana.

Kosa, kwa maoni yangu, ni kutarajia kiingilio kifanye kazi mbili. Kiingilio kiachiwe kazi ya kuendesha shughuli, na msaada wenyewe utafutwe kwa watu ambao huenda siku hiyo hawatakanyaga uwanjani kabisa. Mbio za London Marathon, zilizoanza mwaka 1981, ndivyo zinavyofanya. Mwaka 2024 peke yake zilikusanya kiasi cha pauni milioni 73.5 kwa ajili ya mashirika ya hisani, na fedha hizo hazikutokana na ada ya kujiandikisha, bali na wakimbiaji wenyewe, ambao kwa miezi kadhaa kabla ya mbio huwafuata ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao wakiwaomba wachangie kwa sababu wao watakimbia. Yapo mashirika yanayonunua nafasi za kukimbia na kuzitoa kwa mtu atakayekubali kukusanya kiasi kilichopangwa. Jirani zetu wa Geita nao wana mfano wa aina hiyo: tangu mwaka 2002, mgodi wa dhahabu wa Geita ukishirikiana na TACAIDS, yaani Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania, umekuwa ukiendesha GGM Kili Challenge, ambapo watu hupanda Mlima Kilimanjaro au huuzunguka kwa baiskeli ili kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Mlimani hakuna jukwaa wala mkata tiketi, na hata hivyo fedha hupatikana, kwa kuwa kampuni na watu binafsi huchangia kabla mpandaji hajafunga kamba za viatu.

Mtu asiseme kwamba utaratibu huo ni wa wageni na hatuuwezi. Sisi ambao kila mwezi tunapokea kadi za michango ya harusi tunajua vizuri kuliko wengi namna ahadi inavyoandikwa, inavyosomwa mbele ya kikao, na inavyokumbushwa kwa ujumbe wa simu hadi mwenye deni aone haya. Kamati yenu ifanye kazi kama kamati ya harusi, ila badala ya bwana na bibi harusi wawepo wazee wa Igogo. Kila mkimbiaji apewe karatasi ya ahadi na atafute watu kumi wa shilingi 2,000. Wakimbiaji 200 wakifanikiwa wote, mtakuwa na shilingi 4,000,000. Wakifanikiwa nusu, mtakuwa na 2,000,000 ambazo turubai na spika hazina haki ya kuzigusa. Ahadi nyingi hufa baada ya sherehe, kwa hiyo namba ya kifuani apewe yule aliyekwisha kuwasilisha angalau nusu ya alichoahidiwa. Sharti hilo litawaudhi baadhi ya wanachama, lakini ni afadhali ugomvi wa kabla ya mbio kuliko daftari lililojaa majina ya watu wasiopokea simu.

Kuhusu gharama, anzeni na fulana. Sioni sababu ya kumvisha kijana nguo mpya kwa jina la mzee asiye na blanketi, na namba iliyochapwa kwenye karatasi ngumu inatosha kabisa kumtambulisha mkimbiaji. Maji yaombwe kwa mfanyabiashara wa mtaani, naye atajwe kwa kipaza sauti mara nyingi apendavyo. Spika ziazimwe kanisani au msikitini, kwa kuwa mbio zenu zitaanza saa 12 asubuhi, kabla jua la Mwanza halijapanda, na kufika saa 3 zitakuwa zimekwisha na spika zitakuwa tayari kurudishwa. Mgeni rasmi naye aombwe kukimbia, au walau kutembea, akiwa na karatasi yake ya ahadi mkononi kama wengine. Chagueni tarehe kati ya Juni na Agosti ili mvua isije ikawatawanya watu.

Fedha za msaada zisichanganywe na za shughuli hata kwa siku moja. Fungueni lipa namba kwa jina la klabu badala ya kutumia simu ya katibu, hata kama katibu ni mwaminifu kama wewe, na akaunti ya benki iwe na watia saini watatu. Baada ya mbio, bandikeni kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kiasi kilichokusanywa, kilichotumika na kilichowafikia walengwa. Waandaaji wengi hutangaza kiasi cha kwanza tu, na kwa vigelegele.

Jambo la mwisho kwako lingepaswa kuwa la kwanza kwa kamati. Kabla ya kutangaza chochote, kaeni na mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii, muandike ni nani atasaidiwa na kwa kitu gani hasa: magongo ya kutembelea, baiskeli ya miguu mitatu, mabati ya nyumba inayovuja. Mtu akiambiwa achangie “wasiojiweza” hutoa sarafu, lakini akiambiwa kwamba zimepungua shilingi 80,000 ili baiskeli inunuliwe, huuliza namba ya kutuma. Msisahau pia kupeleka maombi mapema kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa polisi wa usalama barabarani, kwa kuwa barabara mtakayoitumia ni ya watu wote.

SWALI: Mimi ni mama wa mtoto wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo. Waandaaji wa mechi ya hisani waliniomba nimlete uwanjani wakati wa mapumziko, tusimame katikati tukabidhiwe mfano wa hundi, na picha zipigwe. Nilikataa. Majirani wananiambia nimekosa shukrani na kwamba nimemnyima mwanangu riziki. Je, nimekosea? (Mama, Mabatini)

JIBU: Hujakosea, mama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti, na inataka zisitumiwe bila ridhaa iliyoandikwa. Picha ya mtoto wako akiwa chini ya bango linalotaja ugonjwa wake inabeba taarifa za aina zote mbili. Ridhaa inayopatikana kwa kuonyeshwa hundi huku maelfu ya watu wakisubiri kupiga makofi siiiti ridhaa.

Hata pasingekuwa na sheria, ningesema hivyo hivyo. Mechi ya hisani huchezwa na watu wazima wenye afya, wakapigiwa makofi kwa kuwa wamecheza. Mtoto huletwa aonekane tu, kisha anarudishwa nyumbani na picha yake inabaki kwenye simu za watu asiowajua hadi atakapokuwa mtu mzima. Walengwa wanaweza kuwa na nafasi nyingine kabisa. Terry Fox wa Kanada alikatwa mguu mwaka 1977 kwa sababu ya saratani, na mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia, akiomba dola moja kwa kila raia ili zitumike kwa utafiti wa ugonjwa huo. Alikimbia siku 143 na kilometa 5,373 kabla saratani haijarudi na kumzuia, na hadi Februari 1981 zilikuwa zimepatikana zaidi ya dola milioni 24. Alifariki Juni mwaka huo. Mgonjwa ndiye aliyeamua, ndiye aliyekimbia, na ndiye aliyesema fedha zitumikeje.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2014 mjini Rio de Janeiro, katika Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani, timu ya wavulana ya Tanzania iliyotoka hapa hapa Mwanza ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Burundi mabao 3 kwa 1 katika fainali. Vijana hao, ambao mjini tulikuwa tumezoea kuwafukuza kwenye baraza za maduka, dunia iliwaona wakiwa na mpira miguuni. Kama waandaaji wa mechi wanamtaka mwanao uwanjani, wamwandalie kiti kivulini, pahali pa kupita baiskeli yake ya wenye ulemavu kama anayo, na shughuli anayoiweza na anayoipenda. Akiipenda aende, asipoipenda abaki nyumbani, na msaada umfikie vilevile. Waambie hivyo kwa maandishi. Majirani wataelewa, au hawataelewa.

SWALI: Shule yetu ya Nyegezi inaandaa mashindano ya netiboli na tunataka kuuza tiketi za bahati nasibu ili kuwalipia wanafunzi yatima mahitaji ya shule. Kuna kikwazo chochote? (Mwalimu wa michezo)

JIBU: Kipo, Mwalimu. Kuuzia umma tiketi za bahati nasibu kunasimamiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na kibali hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Nia njema haifuti hitaji hilo. Mkiona utaratibu ni mrefu, fanyeni mnada kama ule unaofanyika baada ya ibada: mpira uliosainiwa na wachezaji wote, jogoo, kikapu cha machungwa. Nimeona jogoo mmoja akinunuliwa na kurudishwa mnadani hadi akaingiza fedha za kununua banda zima. Isitoshe, sipendi wanafunzi wafundishwe kuuza bahati.

SWALI: Hapa Igombe tunataka kufanya mashindano ya mitumbwi ya kupiga kasia, pamoja na kuogelea, kwa ajili ya wajane wa wavuvi waliokufa ziwani. Mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, hakuna geti. Tutapataje fedha, na tuangalie nini? (Mvuvi, Igombe)

JIBU: Ndugu yangu, kukosa geti si hasara. Kila mtumbwi utafutiwe mfanyabiashara wa samaki, wa nyavu au wa injini, aulipie kiasi fulani na jina lake liandikwe ubavuni. Mama lishe na wauza vinywaji watakaopanga meza siku hiyo nao walipie nafasi zao. Mitumbwi kumi na meza thelathini zinaweza kuzidi makusanyo ya uwanja, tena bila gharama ya tiketi.

Linalonitia hofu zaidi ni usalama, na hasa wa watazamaji kuliko wapiga kasia. Mtumbwi wa mashindano huwa na watu waliochaguliwa na wanaojua maji. Lakini mbio zikinoga, watu hupanda chombo chochote kilicho karibu ili waone vizuri. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha, kilikuwa kimebeba abiria kupita uwezo wake. Kwa hiyo njia ya mbio iwe sambamba na ufuko, watazamaji wabaki nchi kavu, kila mpiga kasia avae jaketi okozi, na boti mbili za injini zikae majini muda wote bila kubeba mtu asiye mwokoaji. Wasilianeni mapema na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na msikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuanzia jioni ya siku iliyotangulia. Upepo ukichafuka, ahirisheni, hata kama mgeni rasmi amekwisha kukaa.

Ningeondoa kuogelea kwenye ratiba. Maji ya kina kifupi yenye magugu ndiyo makazi ya konokono wanaoeneza kichocho, na mwambao wetu una ugonjwa huo kwa wingi. Wekeni kuvuta kamba ufukweni, ambako hata wajane wenyewe wanaweza kuunda timu na kuwashinda wengi.

Fedha zikipatikana, BMU ya mwalo wenu, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi, ikae na wajane wenyewe kabla ya kuamua mgawanyo. Wapo watakaotaka fedha taslimu kwa ajili ya ada na kodi ya nyumba, na wapo watakaopendelea kuunganisha fungu lao wanunue friji ya kuhifadhia samaki au chanja za kukaushia dagaa. Makundi yote mawili yapewe yalichoomba.